Michoro Iliyofichwa ya Joe Shuster

Mazungumzo ya usiku huu ni ya watu wazima, kwa hiyo mwenye watoto karibu na redio awapeleke wakalale kwanza. Sitasimulia mambo ya kutia aibu masikioni, lakini nitazungumzia michoro ambayo mahakama za Marekani ziliamuru iteketezwe, na mtu aliyeichora. Mtu huyo mnamfahamu, hata kama jina lake halijawahi kuwafikia. Fulana ya buluu yenye herufi S kifuani, ile inayopatikana kwenye kila rundo la mitumba kuanzia Karume hadi Gikomba, asili yake ni penseli yake.

Tuanzie New York, mwaka 1954. Mitaa ya kuzunguka Times Square ilikuwa na maduka madogo ya vitabu ambayo bidhaa zake zilikaa sehemu mbili. Za mbele zilipangwa rafuni, kila mpita njia akaziona. Za nyuma ziliulizwa kwa sauti ya chini, na muuzaji akamtazama mteja vizuri kabla ya kuinama chini ya meza. Miongoni mwa hizo za chini ya meza kulikuwa na mfululizo wa vijarida vilivyoitwa Nights of Horror. Vilitoka 16. Vilikuwa vyembamba, vya karatasi duni, maandishi yake ya taipu, na hadithi zake zilihusu mijeledi, kamba, minyororo, wanawake waliobakiwa na nguo za ndani tu, na mabwana wakatili waliowafungia ndani. Pengine zamu ilibadilika, mwanamke akashika mjeledi na mwanamume akapiga magoti. Kila kijarida kilikuwa na michoro ya rangi nyeusi na nyeupe, na mchoraji hakuweka jina wala sahihi.

Sasa itazame hiyo michoro kama atazamavyo mtu aliyekulia kwenye vitabu vya katuni vya Marekani. Mwanamume ana taya la mraba, mabega mapana, nywele nyeusi zilizolazwa nyuma, na macho yaliyofinywa hadi yakabaki mistari miwili. Mwanamke ana nyusi nyembamba, nywele zinazofika shingoni, na kimo kilekile cha mwandishi wa habari aliyekuwa akiokolewa kila mwezi kutoka juu ya maghorofa. Kuna pia mwovu mmoja mwenye kipara. Utasema Clark Kent, yaani Superman akiwa amevua joho, na Lois Lane wamepotea njia wakaingia nyumba isiyo yao. Walichorwa hivyo kwa sababu aliyewachora ndiye aliyewachora mara ya kwanza. Joe Shuster, mchoraji wa Superman, akiwa na miaka 40, macho yake yakififia, kazi hakuna, alichukua kazi ya chini ya meza akaifanya kwa uso uleule aliokuwa akiuchora tangu ujana.

Ninalo jambo moja la kusema usiku huu, nami nalisema mapema ili msikilizaji ajue ninakoelekea. Naamini michoro hii ni ya Joe Shuster kama ilivyo ya kwake ile ya shujaa mwenye joho, na aibu ambayo watu wengi wameibandika juu yake imebandikwa kwa mtu asiyestahili.

Joe alizaliwa Toronto, Kanada, tarehe 10 Julai 1914, katika familia ya Wayahudi wahamiaji. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Alipokuwa mtoto aliuza gazeti la Toronto Star mitaani, na gazeti alilofanyia kazi Clark Kent katika hadithi za kwanza likaitwa Daily Star. Alipofika umri wa miaka kama 10 familia ilihamia Cleveland, Ohio. Huko, katika shule ya sekondari ya Glenville, alikutana na kijana mwenzake mwenye miwani na haya nyingi, Jerry Siegel. Jerry aliandika, Joe alichora. Ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, na nyumbani kwa kina Shuster umaskini ulionekana hata kwenye vifaa vya kazi. Joe alichora juu ya ubao wa mama yake wa kukandia mkate, na mama alipouhitaji ubao wake, kazi ilisimama. Alichora kwenye karatasi za kufungia nyama na nyuma ya mabaki ya karatasi za ukutani. Wakati wa baridi, chumba kikiwa hakina moto, alivaa sweta juu ya sweta na glavu, akaendelea. Na tangu wakati huo macho yake yalikuwa dhaifu. Alichora pua yake ikikaribia kugusa karatasi.

Vijana hawa walimzungusha Superman kwa miaka kadhaa, wakakataliwa huku na kule. Hatimaye kampuni moja ya New York ikakubali. Tarehe 1 Machi 1938 iliandikwa hundi ya dola 412, ambamo dola 130 zilikuwa za Superman: kurasa 13, kila ukurasa dola 10. Kwa dola hizo 130 waliuza haki zote, na fedha wakagawana wawili. Hata majina yao kwenye hundi hiyo yalikosewa tahajia, ikabidi wasaini mara mbili mgongoni ili benki iipokee. Hundi yenyewe iliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000. Na nakala moja ya Action Comics namba 1, kijitabu kilichouzwa senti 10 mwaka ule wa 1938, ilinunuliwa mwaka 2024 kwa dola milioni 6.

Hapa nitatua kidogo, maana kuna habari ambayo wanaomcheka Shuster huisahau. Ile kampuni iliyonunua Superman ilikuwa mikononi mwa Harry Donenfeld. Fedha zake Donenfeld alizipata wapi? Alizipata kwenye majarida ya watu wazima. Katika miaka ya 1930 yeye na washirika wake walichapa mfululizo wa majarida ya hadithi za kuchemsha damu, Spicy Detective na ndugu zake, yenye majalada ya wasichana waliochanika nguo wakitishwa kwa visu na kamba. Wakubwa wa Jiji la New York waliyapiga vita majarida ya namna hiyo, na vitabu vya katuni vya watoto vikawa biashara salama zaidi ya kuhamishia mashine za kuchapa. Kwa hiyo Superman alipozaliwa alizaliwa katika nyumba iliyojengwa kwa michoro ya aina ileile aliyokuja kuichora Joe mwaka 1954. Donenfeld alianzia kwenye mijeledi akaishia kwenye utajiri na heshima. Shuster alianzia kwa shujaa wa watoto akaishia kwenye mijeledi. Katika wawili hao, anayeonewa haya leo ni yule aliyekuwa na njaa.

Tusiseme pia kwamba Joe na Jerry waliishi kwa dhiki tangu mwanzo. Hapana. Miaka ya mwanzo walilipwa vizuri kwa kazi ya kila mwezi, na Joe alifungua studio Cleveland akaajiri wachoraji wasaidizi, kwa sababu kazi ilizidi nguvu za mtu mmoja na macho yake hayakuhimili. Superman aliingia magazetini mwaka 1939, akaingia redioni mwaka 1940 (na sisi wa redio tuna haki ya kujivunia, maana lile jiwe la kumlegeza nguvu, kryptonite, lilisikika kwanza redioni, miaka kadhaa kabla ya kuchorwa vitabuni), akaingia kwenye filamu za katuni mwaka 1941. Kila mlango ulipofunguliwa fedha ziliingia kwa mwenye haki, na mwenye haki hakuwa Joe wala Jerry.

Jerry alipokuwa jeshini wakati wa vita, kampuni ilimtoa Superboy bila ruhusa yake. Mwaka 1947 wakaenda mahakamani. Mahakama ikaona kwamba Superman ni mali ya kampuni, lakini Superboy ni wazo la Jerry. Mwaka 1948 wakapatana kwa takriban dola 94,000 kwa wote wawili, nao wakaachia kila dai. Kazi ikaisha pia. Majina yao, yaliyokuwa yakichapwa juu ya kila hadithi, yakafutwa. Walijaribu shujaa mwingine, Funnyman, mchekeshaji anayepiga wahalifu. Akafa baada ya matoleo sita.

Mwaka 1952 Superman alianza kuonekana kwenye televisheni, George Reeves akiwa ndiye. Watoto wa Marekani walikaa mbele ya kioo wakimtazama anaruka. Mtu aliyebuni joho lile, na mkunjo wa nywele juu ya paji la uso, na jinsi linavyotakiwa kusimama taya la mtu asiyeogopa risasi, hakutajwa. Alikuwa New York akitafuta kazi yoyote ya penseli.

Kazi iliyopatikana ndiyo ile ya chini ya meza.

Nimeitazama sana michoro hii, katika kitabu kilichokuja kuikusanya, na nataka kuisema kwa haki pande zote mbili. Kwanza, haifurahishi yote. Mingine inaonyesha mwanamke akipigwa huku uso wake umejaa hofu, na mchoraji ameujua uso huo vizuri mno. Siwezi kuipaka asali. Mtu anayesema ni mchezo tu wa mapenzi hajaitazama yote, kwa maana ipo ambayo ridhaa haimo kabisa. Msikilizaji mwanamke akiniambia hataki kuiona nyumbani kwake, sina la kumjibu ila kwamba ana haki.

Pili, kama kazi ya mkono, ni kazi nzuri. Michoro ya Superman ya miaka ya 1940, hasa baada ya wasaidizi kuwa wengi, ilianza kuwa ya kiwanda: mmoja anachora uso, mwingine mwili, mwingine mandhari, wino unawekwa na wa nne. Katika Nights of Horror yuko mmoja. Hakuna visanduku vidogovidogo vya kujaza, hakuna maneno ya kuachia nafasi. Kuna ukurasa mzima na watu wawili au watatu. Kivuli amekiweka kwa ubavu wa penseli, laini, kama mtu aliyerudi kwenye ubao wa mama yake. Mikono inashika kitu kweli, magoti yanabeba uzito. Kwa mtu ambaye macho yake yalikuwa yakififia, uhakika wa mstari unashangaza. Sidhani alichora vizuri zaidi ya hapo wakati wowote mwingine wa maisha yake, na ninaposema hivyo sitafuti kushtua mtu. Ni kwa sababu hapo ndipo alipokuwa peke yake na karatasi.

Halafu kuna suala la zile nyuso. Mchoraji anayejificha angebadili nyuso. Angempa mwanamume masharubu, angembadili mwanamke umbo. Joe hakufanya hivyo. Wapo wanaosema alikuwa analipiza kisasi, anamchafua Superman wa kampuni. Mimi sioni kisasi. Naona mtu ambaye sura za binadamu kichwani mwake zilikuwa hizo. Mahakama ilikuwa imesema sura zile si mali yake tena, mkono wake ukaendelea kuzichora, kwa kuwa hukumu ya hakimu haifiki kwenye kiganja.

Mwaka huohuo wa 1954 ulikuwa mbaya kwa katuni zote Marekani. Daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Fredric Wertham alitoa kitabu kilichowatia wazazi hofu kubwa, Seduction of the Innocent, akidai kwamba vitabu vya katuni vinawafundisha watoto uhalifu. Superman naye hakusalimika. Wertham aliona shujaa yule anawazoesha watoto kufurahia kuona wenzao wakiadhibiwa. Mwezi Aprili alitoa ushahidi mbele ya kamati ndogo ya Seneti. Ifikapo Oktoba wachapishaji, kwa woga, walikuwa wamejitungia kanuni za kujichuja wenyewe, na muhuri wa kanuni hizo ukabandikwa kwenye majalada kwa miongo mingi.

Sitamfanya Wertham kuwa shetani. Mwaka 1946 alifungua kliniki Harlem kwa ajili ya watu weusi ambao hospitali nyingine hazikuwajali, akawatoza senti chache, na utafiti wake ulitumika katika kesi za kupinga ubaguzi mashuleni. Alikuwa na moyo. Lakini mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley wa Chuo Kikuu cha Illinois, baada ya kupekua nyaraka zake zilizohifadhiwa, alionyesha kwamba Wertham alikuwa amegeuza maneno ya watoto aliowahoji, akaunganisha visa vya watoto tofauti, na kuacha yale yasiyounga mkono hoja yake.

Agosti 1954, vijana wanne walikamatwa Brooklyn kwa kupiga na kutesa watu kwenye bustani za jiji usiku. Watu wawili walikufa. Wertham alimhoji kiongozi wao, kijana wa miaka 18, na ikajulikana kwamba kijana yule alikuwa msomaji wa Nights of Horror. Magazeti hayakuhitaji zaidi ya hapo. Vijarida vikawa ndivyo vilivyoua. Wertham hakujua kwamba aliyechora vijarida vile na aliyemchora Superman ni mtu mmoja. Alimpiga Joe Shuster mara mbili katika mwaka mmoja bila kumjua hata mara moja.

Je, michoro ile ilimfanya kijana yule aue watu? Mimi sisemi karatasi haina nguvu. Ningekuwa mnafiki, maana naishi kwa maneno. Lakini vijarida vile vilipita mikononi mwa wanunuzi wengi, na vijana waliosimamishwa mbele ya umma walikuwa wanne. Waliokufa walikuwa watu maskini waliolala au kukaa bustanini, na swali la kwa nini vijana wanne waliwaona kama takataka lilikuwa gumu kuliko kulaumu rafu la vitabu.

Septemba 1954 mwanasheria wa Jiji la New York alifungua shauri dhidi ya wauzaji, akiomba zuio na amri ya kuteketeza. Shauri hilo, Kingsley Books dhidi ya Brown, lilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na hukumu ikatoka tarehe 24 Juni 1957, siku ileile ya hukumu maarufu ya Roth iliyoweka kipimo cha machapisho machafu nchini humo. Majaji watano waliunga mkono jiji, wanne wakapinga. Miongoni mwa waliopinga alikuwamo Jaji Mkuu mwenyewe, Earl Warren, aliyeona kwamba sheria ile inahukumu kitabu badala ya kuhukumu mwenendo wa mtu aliyekiuza, na kwamba njia hiyo inaelekea kwenye kuchoma vitabu. Wasikilizaji, fikirini kidogo. Michoro ya Joe Shuster imejadiliwa na majaji tisa wa mahakama ya juu kabisa ya nchi yake ya pili, imeacha alama katika vitabu vya sheria vinavyosomwa hadi leo na wanafunzi wa haki ya uchapishaji, na jina lake halimo hata kwenye mstari mmoja wa hukumu.

Nakala ziliteketezwa. Zilizobaki ni chache, zile zilizokuwa zimekwisha kununuliwa na kufichwa chini ya magodoro ya watu. Ikapita nusu karne. Mwanahistoria wa katuni, Craig Yoe, alikuwa akipekua sanduku la vitabu vya zamani vilivyowekwa kuuzwa, akafungua kijarida kimoja kilichochakaa, akaona lile taya na yale macho. Mwaka 2009 alitoa kitabu, Secret Identity, chenye michoro hiyo, na utangulizi ukaandikwa na Stan Lee. Ushahidi wake mkubwa ni mstari wenyewe, na wajuzi wa katuni za kale walipoutazama hawakubisha.

Wakati huo Joe alikuwa amekufa miaka 17 kabla. Hapo ndipo linapokuja swali ambalo najua baadhi yenu mmekuwa nalo tangu nilipoanza. Kwetu sisi, marehemu husitiriwa. Mtu akifa na jambo lake, ni adabu kulifunika. Kwa nini basi tumfunue mzee wa watu ambaye hakuwahi kuweka jina kwenye kazi hiyo, pengine makusudi, ili isijulikane?

Swali hili si la kupuuzwa, na lilinizuia nisiandike mazungumzo haya kwa muda. Nilichojibu moyoni ni hiki. Sitara inamlinda mtu. Ukimya kuhusu Nights of Horror haukumlinda Joe Shuster kwa lolote: haukumpa mkate, haukumrudishia jina, haukumtibu macho. Waliofichika nyuma ya ukimya ule ni wengine. Ukisimulia habari za Superman ukaruka mwaka 1954, hadithi inakuwa tamu: vijana wawili maskini, wazo kubwa, mafanikio ya dunia nzima, na mwishoni malipo kidogo ya uzeeni. Ukiuweka mwaka 1954 mahali pake, msikilizaji analazimika kuuliza ilikuwaje mchoraji wa shujaa maarufu kuliko wote akose kazi hata ya kuchora kopo la maharage, akaenda chini ya meza. Na jibu lina anwani.

Zaidi ya hayo, kutoweka jina hakukuwa jambo geni kwake. Jina lake lilikuwa limeshatolewa na wengine kwenye kazi aliyoipenda. Mwaka 1954 alikuwa mchoraji asiye na jina pande zote mbili: huku kwa shujaa kwa sababu mwenye mali hakutaka, huku kwa mijeledi kwa sababu polisi walikuwa mlangoni. Kumrudishia upande mmoja tu, ule unaopendeza, ni kuendelea kumchagulia.

Baada ya hapo Joe aliacha kuchora kwa ajili ya riziki. Macho yaligoma. Alifanya kazi ya utarishi, kupeleka vifurushi. Kufikia mwaka 1975 alikuwa kisheria kipofu, akiishi kwa ndugu yake Queens. Mwaka huo habari zilienea kwamba Superman anatengenezewa filamu kubwa ya gharama kubwa. Jerry Siegel, aliyekuwa karani Los Angeles, aliandika waraka mrefu wa hasira akausambaza kwa vyombo vya habari. Wachoraji wenzao, Neal Adams na Jerry Robinson mbele, wakasimama nao, wakapiga simu, wakawapeleka kwenye televisheni. Desemba 1975 Warner, iliyokuwa mmiliki, ilikubali kuwapa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka, matibabu, na kurudisha majina yao. Filamu ilipotoka mwaka 1978, majina yalikuwa kwenye kioo. Joe alikuwa na miaka 64.

Alifariki Los Angeles tarehe 30 Julai 1992. Aliacha madeni. Dada yake na ndugu yake wakafikia makubaliano na kampuni: madeni yalipwe, na dada apate dola 25,000 kila mwaka. Warithi walipokuja kudai haki ya Superman kwa sheria mpya ya hakimiliki, mahakama ya rufaa iliwaambia mwaka 2013 kwamba makubaliano yale ya mwaka 1992 yalifunga mlango. Yaani deni la mtu aliyekufa fukara ndilo lililoikata haki ya warithi wake. Nimelirudia jambo hili kwa wanasheria ninaowafahamu, nao wananiambia hoja ya mahakama ni sahihi kwenye karatasi. Sawa. Mimi linaniumiza bado.

Ningependa kuona, katika maonyesho yajayo ya kazi za Shuster, ukuta mmoja wa watu wazima, wenye pazia na maelezo ya wazi, ambapo michoro ya Nights of Horror inawekwa chini ya jina lake kamili, mwaka 1954, pamoja na nakala ya hukumu ya mwaka 1957 na nakala ya ile hundi yenye majina yaliyokosewa. Mtazamaji asiyetaka kuingia asiingie. Anayeingia aone kazi ya mkono mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Na kwa upande wa sheria, tarehe 1 Januari 2034 hakimiliki ya hadithi ile ya kwanza ya mwaka 1938 itakwisha nchini Marekani. Alama za biashara zitabaki na kampuni, lakini Superman yule wa kurasa 13, mwenye macho ya kufinya na taya la mraba, atachorwa na yeyote anayetaka bila kuomba ruhusa. Joe Shuster alikuwa ameshafanya hivyo miaka 80 kabla, kwa malipo ya chini ya meza.